Taa ya urembo haitofautishi doa na ngozi

Mhariri,

Nimeisoma makala iliyotoka katika ukurasa wenu wa urembo kuhusu matibabu ya mwanga kwa ngozi iliyozeeka na kuchakazwa na jua. Mwandishi alijitahidi, na sina ugomvi na mengi aliyoyasema, ila aliporudia maneno ya matangazo kwamba mwanga huo hulishughulikia doa peke yake na kuiacha ngozi ilivyo, aliruka jambo ambalo mimi nililijua nikiwa nimekwisha kulipa.

Mashine ya IPL (kifupi cha Kiingereza cha mwanga mkali wa mpigo), ambayo ndiyo hutumika zaidi katika kazi hii, si leza, ingawa wanaoiuza huduma hiyo huyachanganya majina hayo mara kwa mara. Leza hutoa mwanga wa urefu mmoja wa wimbi, ilhali IPL ni taa inayomulika kwa mpigo mfupi mawimbi mengi kwa pamoja, takriban kutoka nanomita 500 hadi 1200, huku kichujio kikizuia yale mafupi kupita kiasi. Zote mbili husimama juu ya kanuni ambayo watafiti Anderson na Parrish waliieleza mwaka 1983, kwamba ukichagua vyema urefu wa wimbi na muda wa mpigo unaweza kukiunguza kitu kimoja ndani ya ngozi kabla joto halijasambaa kwa jirani zake. Katika madoa ya jua kitu hicho ni melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi. Sasa melanini iliyo ndani ya doa na melanini inayoifanya ngozi yangu iwe nyeusi ni kitu kilekile, na taa haina namna ya kujua kwamba moja imekuja kutibiwa na nyingine ni ya kwangu tangu kuzaliwa.

Mimi ni mpima ardhi, nina miaka 53, na uso wangu umepigwa na jua kwa zaidi ya nusu ya umri huo. Saluni niliyokwenda hawakuniuliza lolote kuhusu ngozi yangu. Mhudumu alinivika miwani ya kinga, akanipaka jeli baridi, akaniambia nitasikia kama kuchapwa na mpira wa kufungia noti. Nilichosikia ni kama kurukiwa na mafuta ya moto, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumba. Jioni yake malengelenge yalitoka, na yalipokauka shavu la kushoto likabaki na alama saba za mstatili, nyeupe katikati na nyeusi pembeni, kila moja ikiwa na ukubwa uleule wa kioo cha mashine, kiasi kwamba aliyesimama karibu angeweza kuhesabu mahali kilipowekwa. Zilichukua zaidi ya mwaka kufifia.

Daktari wa ngozi niliyemwendea baadaye alianza pale ambapo saluni ilipaswa kuanza. Aliipima ngozi yangu kwa kipimo cha Fitzpatrick cha tangu mwaka 1975, chenye madaraja sita kuanzia ngozi nyeupe kabisa, akaniweka katika la sita, la ngozi nyeusi kabisa. Alinieleza kwamba kwa ngozi kama hii, ikibidi kutumia mwanga, afadhali leza ya nanomita 1064, kwa sababu melanini huyanywa mawimbi marefu kwa uchache kuliko mafupi, na kwamba hata hiyo hujaribiwa kwanza mahali padogo pasipoonekana, kisha mgonjwa husubiri. Halafu alichukua lenzi yake na kuyachunguza madoa yangu moja baada ya jingine. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana alisema baadhi ya madoa yanayofanana na ya uzee huwa ni mwanzo wa saratani, na mwanga ukiifuta rangi ya juu, seli zilizo chini hubaki zikiendelea bila mtu kuziona. Yangu yalikuwa salama. Mhudumu wa saluni hakuwa na njia yoyote ya kulijua hilo alipoiwasha taa.

Siyapingi matibabu haya. Kwa mtu mweupe mwenye madoa ya jua, IPL mikononi mwa mjuzi hufanya kazi nzuri: doa hukoza, kisha hupukutika kama chembe za kahawa baada ya wiki moja au mbili. Mikunjo mirefu ni habari nyingine, na makala yenu iliipa taa hiyo sifa kubwa mno kwa upande huo. Vilevile haikugusa krimu ya kukinga jua, ilhali mionzi ya jua iitwayo UVA, inayovunja kolajeni, yaani protini inayoishikilia ngozi, hupenya hata kioo cha dirisha, na asiyejikinga atarudishiwa madoa yaleyale.

Mtakapoandika tena kuhusu jambo hili, naomba mchape pia picha ya shavu jeusi. Zile sita za kabla na baada ya matibabu zilikuwa zote za watu weupe.

Msomaji wenu,
Mpima ardhi