Barua ya wazi: Mheshimiwa, tunaomba mpimaji kabla ya masika

Mheshimiwa,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Usiku wa Jumapili iliyopita ng'ombe waliingia katika majaruba yangu hapa bonde la Ruvu, Bagamoyo, wakala na kukanyaga mpunga uliokuwa unaanza kutoa masuke. Alfajiri nilimkuta mchungaji wao, kijana mdogo, akaniamkia kwanza ndipo akakimbia. Hata kumgombeza nilishindwa, kwa maana njia yao ya zamani ya kuteremkia mtoni imezibwa kwa seng'enge na mtu aliyenunua viwanja kupitia dalali, na ng'ombe mwenye kiu hasomi hati.

Naamini hujasahau siku uliposimama chini ya mwembe wetu ukaahidi kwamba wapimaji wangefika mwezi unaofuata kutuandalia mpango wa matumizi bora ya ardhi. Tulipiga makofi, tukakuangulia madafu. Tangu hapo masika mawili yamepita. Madafu hatuyadai.

Hatukatai watu kuongezeka. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Pwani na watu 1,098,668, ile ya 2022 ikakuta 2,024,947. Nadhani wengi wamesukumwa huku na bei za viwanja vya Dar es Salaam, ingawa nasi hatukuacha kuzaa. Mto, hata hivyo, ni uleule, na Dar es Salaam nayo inaunywa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, lakini anayekosa shamba analima humo humo. Nakiri kwamba majaruba yangu mawili yamo, kwa sababu shamba la marehemu baba tuligawana ndugu sita.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatambua ardhi ya akiba, inayowekwa kwa mahitaji ya baadaye ya wanakijiji. Yetu ilikuwa kichaka tulichookotea kuni. Nasikia imeuzwa, muhtasari wa mkutano ulioridhia hatujauona, wala mkutano wenyewe hatuukumbuki.

Tunaomba mpango wa ardhi, mipaka ya akiba na njia ya mifugo. Ikiwa hayo ni mengi, basi njia ya mifugo peke yake. Mtume mpimaji mmoja tu, Mheshimiwa, mwenye kamba na vigingi, kabla ya masika. Malazi tutampa, na madafu bado yapo.

Wako mtiifu,
Mkulima wa mpunga, bonde la Ruvu