Barua kwa Binti Yangu Aliyeko Denver, Kuhusu Kitufe cha 85

Korogwe, Tanga

Binti yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama yako hajambo, ila magoti ndiyo yanayomsumbua, nami ni mzima. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ile picha ya pampu nilimwomba mdogo wako aikuze kwenye simu mpaka nikaziona vizuri namba za vibandiko vya njano: 85, 87 na 91. Unaniuliza kama Mazda3 yako ya turbo itiwe petroli ya kawaida au ile ya bei ya juu, kwa kuwa mwenzako wa kazini anashikilia kwamba turbo ni lazima inywe premiamu, na wewe kwa wiki tatu umekuwa ukibonyeza kitufe cha bei ndogo kuliko vyote. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu nyote wawili mmekosea, lakini kosa lako ndilo la hatari.

Kwanza uelewe zile namba zinapima nini. Watu wengi hudhani kuwa petroli ya namba kubwa ina moto mkali zaidi, na hivyo gari linapata nguvu kutoka kwenye petroli yenyewe. Sivyo. Oktani ni kipimo cha uvumilivu: inaonyesha petroli inaweza kubanwa na kupata joto kiasi gani kabla ya kujiwasha yenyewe bila kungoja cheche ya plagi. Turbo kazi yake ni kusukuma hewa nyingi ndani ya silinda, na hewa nyingi ikibanwa huleta joto na shinikizo kubwa. Petroli isiyo na uvumilivu hulipuka pembeni wakati moto wa plagi haujaifikia, na hapo ndipo injini inapogonga. Ukiusikia mlio wake ni kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Mdogo wako naye alishtuka kuona 87, akadai kwamba Wamarekani wanauziwa petroli hafifu kuliko yetu, lakini huko kinachoandikwa ni wastani wa vipimo viwili, ilhali sisi na Wazungu wa Ulaya tunaandika kimoja tu, RON. Hiyo 87 ya huko ni sawa na 91 hivi kwa hesabu yetu.

Nilipokuwa kijana nikiendesha Peugeot 504 ya babu yako kutoka Mombo kupanda Lushoto, kugonga kulianza kona ya tatu au ya nne, na dawa yake ilikuwa kusimama, kufungua boneti, kulegeza nati ya distribyuta na kuizungusha kidogo sana ili cheche ichelewe. Mlio ulikoma, na gari likawa zito kama limebeba mahindi. Gari lako hufanya jambo hilohilo lenyewe: sensa iliyofungwa kwenye bloku husikia mgonganisho wa kwanza wa injini, kompyuta ikachelewesha cheche na kupunguza msukumo wa turbo, wala wewe huwezi kujua isipokuwa kwamba gari limepungua nguvu kidogo.

Waliolitengeneza hawakulificha jambo hilo. Injini yako ya lita 2.5 inatoa nguvu farasi 250 ikiwa na petroli ya 93, na 227 ikiwa na ya 87. Mvuto wake (torque) ni Nm 434 kwa ile ya kwanza na Nm 420 kwa ya pili. Tazama hizo namba vizuri, mama. Farasi 23 wanaopungua ni wa kule juu, injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, mahali ambapo wewe hufiki ukienda kazini, na tofauti ya mvuto, ambao ndio unaousikia mgongoni unapoondoka kwenye taa, ni ndogo mno. Isitoshe, kwenye vituo ulivyonionyesha hakuna 93 kabisa. Hata ukilipia kitufe cha bei ya juu kuliko vyote, farasi 250 hutawapata.

Kwa hiyo mwenzako hana hoja anaposema "lazima". Kijitabu cha gari kinaruhusu 87, na gari linaloruhusu 87 halidhuriki kwa 87. Chama cha wenye magari cha huko, AAA, kilipima mwaka 2017 magari ambayo watengenezaji wake wanapendekeza premiamu bila kuilazimisha, kikakuta kwamba kwa wastani ulaji wa mafuta ulipata nafuu ya asilimia 2.7 na nguvu ikaongezeka kwa asilimia 1.4, wakati bei ya premiamu ilikuwa juu kwa asilimia 20 hadi 25. Katika picha yako naona tofauti ya senti 70 kwa galoni kati ya 87 na 91. Ukijaza galoni 11 hiyo ni dola 7 na senti 70 kila ukienda, na afadhali uziweke kwa ajili ya oili, ambayo kwenye turbo haicheleweshwi. Akikuambia tena kwamba premiamu husafisha valvu, mjibu kwa upole kwamba injini yako hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo valvu za kuingiza hewa haziguswi na petroli ya aina yoyote.

Sasa tuje kwenye 85, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Huko kwenye milima ya Colorado wanaiita regula, yaani ya kawaida, nawe umesoma jina badala ya namba. Desturi hiyo inatokana na magari ya kabureta. Denver iko mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, silinda isiyo na turbo haijazi vya kutosha, shinikizo linapungua, na kwa hiyo petroli dhaifu iliweza kuvumilia bila kugonga. Kwa Peugeot ya babu yako nisingekukataza. Lakini turbo haijui kwamba iko mlimani: inaipokea hewa nyepesi na kuibana tena kwa bidii zaidi ili kufidia ule upungufu, na injini yako, ambayo hata kabla ya turbo hubana kwa uwiano wa 10.5 kwa 1, inakutana na shinikizo kubwa huku ndani mna petroli ambayo kijitabu kimeikataa, kwa kuwa ni chini ya 87.

Karatasi hii ninayoandikia nimeikandamiza kwa pistoni ili upepo usiipeperushe. Unaikumbuka, ulikuwa ukiichezea karakana. Ilitoka kwenye Subaru ya turbo iliyoletwa kwangu wakati ule uchakachuaji ulipokithiri, kabla EWURA, mamlaka yetu inayosimamia nishati na maji, haijaanza mwaka 2010 kutia vinasaba, yaani alama za kutambulisha mafuta halali. Kituo kimoja kilichanganya petroli na mafuta ya taa, oktani ikaanguka, na mwenye gari akaendelea kukanyaga akipandisha mlima. Sensa ilichelewesha cheche mpaka ikafika mwisho wa uwezo wake. Nikiigeuza pistoni hii sasa hivi naona ukuta mwembamba kati ya ringi ya kwanza na ya pili umemeguka urefu wa kucha ya kidole gumba, na ukingo wa juu una vitundu vidogovidogo, kama mbao iliyoliwa na wadudu. Sisemi kwamba 85 ya huko ni sawa na uchafu ule, wala sisemi kwamba wiki tatu za kwenda kazini zimekuharibia kitu. Ninasema njia ya kuiharibu injini ni moja.

Kwa siku za kawaida, basi, bonyeza 87, hata kama pampu za huko zinaiweka katikati. Ukipanda milimani na wenzako na mizigo, hasa wakati wa joto, kuelekea lile handaki la Eisenhower lililoko mita 3,400, tia 91 kabla ya kuondoka, kwa maana kupanda kwa muda mrefu ukiwa umekanyaga ndiko kunakoifanya turbo isipumzike.

Petroli iliyomo kwenye tangi usiimwage. Ngoja mshale ufike nusu, kisha jazia 91 mpaka juu. Nusu ya 85 na nusu ya 91 zitakupa 88 hivi, na hapo utakuwa salama. Mpaka ufanye hivyo, endesha taratibu na usikanyage hadi mwisho. Ukisikia zile kokoto, nipigie hata kama huku ni usiku wa manane.

Ni mimi baba yako