Maumivu ya goti kuisha si mwisho wa matibabu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua wa gazeti lako nieleze jambo ambalo, nikiwa mtaalamu wa fiziotherapia, naliona likiwapotezea watu wengi uwezo wa kufanya kazi na kucheza: mazoea ya kuhesabu kwamba matibabu ya goti yamekwisha siku maumivu yanapotulia. Mtu huteguka goti, hupumzishwa, hufungwa bandeji, hupewa dawa za kutuliza maumivu, na baada ya wiki chache, akiona anatembea bila kuchechemea, hurudi uwanjani au kwenye kazi ya kubeba mizigo. Goti lile lile huumia tena, pengine vibaya kuliko mwanzo, naye huamini kwamba amejaliwa magoti mabovu. Mara nyingi kilichokosekana ni nguvu za misuli, ambazo hakuna aliyemwambia kwamba ni lazima azirudishe kwa mazoezi.

Goti halina ulinzi mkubwa wa mifupa. Mfupa wa paja umekaa juu ya mfupa wa muundi, ambao sehemu yake ya juu ni karibu bapa, na kinachoiweka mifupa hiyo pamoja ni ligamenti nne kuu (nyuzi imara zinazounganisha mfupa na mfupa), vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mchanga, na misuli. Katika hivyo vyote, misuli ndiyo tunayoweza kuiongezea nguvu nyingi kwa juhudi zetu wenyewe. Misuli minne ya mbele ya paja, inayoungana na kuishika pia ya goti, ndiyo inayonyoosha mguu, inayotuinua kitini na inayopokea uzito wetu tunaposhuka ngazi, na kwa bahati mbaya ndiyo inayodhoofika mapema zaidi goti linapoumia. Kutotumika ni sababu mojawapo tu ya udhaifu huo. Goti likijaa maji, neva za ndani ya kiungo hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, na misuli ya paja huzuiwa isikaze kikamilifu hata mgonjwa ajitahidi vipi. Majaribio ya kuingiza maji ya chumvi ndani ya magoti yasiyo na jeraha yameonyesha kwamba mililita 20 hadi 30 tu zinatosha kuupunguzia kazi msuli wa upande wa ndani wa paja. Kwa hiyo mgonjwa anayelalamika kwamba mguu haumtii asidhaniwe kuwa ni mvivu wala mwoga, kwa maana anaeleza hali halisi ya mwili wake.

Mazoezi ya mwanzo ni mepesi kiasi kwamba wengi huyadharau. Mgonjwa hukaa kitandani, hunyoosha mguu, huweka taulo iliyokunjwa chini ya goti, kisha hukaza paja kana kwamba anaigandamiza taulo ile, hushikilia kwa sekunde 5 na kulegeza, mara 10, na kurudia mara kadhaa kwa siku. Akimudu hilo, hulala chali, hukunja mguu usioumia, na kuuinua ule ulioumia ukiwa umenyooka hadi usawa wa goti la pili. Huburuta pia kisigino taratibu kuelekea kwenye makalio ili goti lijifunze upya kukunjika. Hata hivyo, jambo ninalolisisitiza kuliko kukunja ni kunyoosha. Watu wengi huweka mto chini ya goti wakati wa kulala kwa kuwa hapo maumivu hupungua, lakini goti lililozoea kukaa limekunjwa hupoteza uwezo wa kunyooka kabisa, na asiyeweza kulinyoosha atachechemea hata kama ligamenti zake zimepona. Afadhali mto uwekwe chini ya kisigino kwa dakika chache, mara kwa mara, ili uzito wa mguu wenyewe ulinyooshe goti.

Tatizo kubwa ni kwamba wengi huishia hapo. Mazoezi ya kitandani huiamsha misuli, lakini hayatoshi kuipa nguvu za kumbeba mtu mzima anayekimbia na kugeuka ghafla. Somo hili si geni. Katika miaka ya 1940, daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliyekuwa katika Hospitali ya Gardiner mjini Chicago, aliwahudumia askari waliokuwa na majeraha ya miguu, wengi wao ya magoti, wakati ambapo desturi ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi yanayorudiwa mara nyingi. Yeye aliwafunga kiatu cha chuma chenye uzito na kuuongeza uzito huo kadiri nguvu zao zilivyoongezeka. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1945 yalibadili fikra za matabibu, na mwaka 1948, akishirikiana na Arthur Watkins, alipendekeza seti 3 za marudio 10, utaratibu ambao hadi leo unafuatwa katika kumbi za mazoezi na vyumba vya tiba. Msingi wake ni kwamba msuli hukua pale tu unapodaiwa zaidi ya ulivyozoea.

Kwa mtu asiye na vyuma vya mazoezi, uzito wa mwili wake unatosha kwa muda mrefu. Ataanza kwa kuinuka kitini bila kutumia mikono, kisha atainuka kwa kuutegemea zaidi mguu ulioumia. Atachuchumaa nusu akiwa ameegemeza mgongo ukutani. Atapanda kidato kimoja cha ngazi na kushuka polepole, kwa maana kushuka ndiko kunakoipa kazi kubwa misuli ya paja. Misuli ya nyuma ya paja, vigimbi na makalio visisahauliwe, hasa ile misuli ya pembeni ya nyonga, kwani ikilegea goti huangukia ndani kila mara mtu anaporuka na kutua. Mazoezi mazito ya namna hii yafanywe siku 2 au 3 kwa wiki, yakiachiana siku ya mapumziko. Baadaye hufuata kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua, na kubadili mwelekeo.

Najua hofu kubwa ni maumivu. Mimi huwaambia wagonjwa wangu waliulize goti asubuhi inayofuata: likiwa halikuvimba na maumivu yamerudi kama yalivyokuwa kabla ya mazoezi, kiasi kilikuwa sahihi, likiwa limevimba, wapunguze kazi, lakini wasiache. Kipimo hiki humsaidia mwoga asikate tamaa, na mwenye pupa asijiumize.

Upasuaji nao una nafasi yake, ila usichukuliwe kuwa njia ya kukwepa mazoezi. Utafiti uliofanyika Sweden kwa watu 121 waliochanika ligamenti ya mbele ya goti, na kuchapishwa mwaka 2010, uliwalinganisha waliofanyiwa upasuaji mapema pamoja na mazoezi na wale walioanza kwa mazoezi, upasuaji ukiwa akiba. Baada ya miaka 2 hali za makundi hayo zilikaribiana, na baada ya miaka 5 karibu nusu ya kundi la pili hawakuwa wamehitaji kupasuliwa. Kwa waliopasuliwa, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi waliochelewa kurudi michezoni, hadi kutimia miezi 9 baada ya upasuaji, uliendana na kupungua kwa kiwango cha kuumia tena kwa takriban nusu. Hata miezi hiyo 9 haitoshi peke yake, kwa sababu mguu ulioumia unapaswa kufikia angalau asilimia 90 ya nguvu za mguu mwingine, na hilo hujulikana kwa kupima.

Kuna hali ambazo mazoezi hayapaswi kuanza kabla ya daktari kumwona mtu: goti lililokwama lisikunjike wala kunyooka, mguu usioweza kukanyagia kabisa, goti jekundu lenye joto linaloambatana na homa, au kigimbi kilichovimba na kuuma.

Ombi langu kwa madaktari ni kwamba wasimruhusu mgonjwa wa goti kuondoka bila karatasi yenye mazoezi yake na tarehe ya kurudi kupimwa nguvu za paja. Makocha nawaomba waache kumuuliza mchezaji kama bado anaumwa, badala yake wamtazame akiruka kwa mguu mmoja na kutua, kisha walinganishe na mguu wa pili. Nawe Mhariri, waandishi wako wa michezo wanaporipoti kwamba mchezaji fulani atarejea baada ya wiki kadhaa, wamuulize pia daktari wa timu ni vipimo gani vya nguvu ambavyo mchezaji huyo amefaulu, na wayaandike majibu hayo.

Wako,
Mtaalamu wa fiziotherapia