Barua ya wazi kwa Mkuu wa Nyaraka za Taifa wa Marekani

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Hifadhi ya Nyaraka za Taifa,
Washington, Marekani.

YAH: MAJALADA 48 YALIYOKUTWA MATUPU MAR-A-LAGO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Niwie radhi kwa kuanza hivyo. Ukikaa masijala miaka 26 huwezi kuandika hata barua ya posa bila kuweka "Yah." Mimi si raia wa nchi yako na sina kura huko. Nilikuwa karani wa masijala ya siri: chumba chenye dirisha moja la nondo, makabati matatu ya chuma, na funguo mbili zisizoruhusiwa kulala nyumba moja. Sasa nimestaafu. Nakuandikia kwa sababu ya karatasi moja katika ile kesi ya Donald Trump, aliyeshtakiwa kukaa na nyaraka za siri baada ya kutoka Ikulu, karatasi ambayo wanasheria na watangazaji waliipita mbio, lakini mimi kila nikiikumbuka narudi kuisoma.

Ni orodha ya vitu ambavyo wapelelezi wa FBI walivibeba Mar-a-Lago, makazi ya Trump kule Florida, tarehe 8 Agosti 2022. Mahakama iliitoa hadharani Septemba ya mwaka huo. Humo mna magazeti, vitabu, nguo na zawadi, na katikati ya vitu hivyo mna nyaraka zenye mihuri ya siri. Halafu kuna mistari inayotaja majalada matupu yenye alama ya siri. Ofisini kwa Trump peke yake yalikutwa 43. Jumla yake, pamoja na ya stoo, ni 48. Mengine 42, nayo matupu, yalikuwa na maandishi kwamba yarudishwe kwa katibu wa Ikulu au kwa msaidizi wa kijeshi. Jalada limeandikwa "rudisha", na kilichomo hakipo.

Dunia nzima ilitazama ile picha ya msalani: maboksi yamepangwa hadi karibu na dari, choo pembeni, pazia la bafu, na taa ya vioo inaning'inia juu kama ya ukumbi wa harusi. Watu walicheka, nami nilicheka. Lakini boksi lililo msalani lipo, unaweza kulifungua ukahesabu. Debe tupu huvuma, Mheshimiwa, ila jalada tupu halina sauti. Ndiyo maana hakuna aliyelisikia.

Acha nikusimulie kidogo. Mwaka wangu wa saba kazini, mkubwa mmoja aliazima jalada la siri. Nikaandika kwenye kadi tarehe, saa na jina lake, akasaini. Likarudi baada ya wiki mbili. Nilipolipokea tu mkono wangu ukajua, maana jalada la folio 31, yaani karatasi 31 zenye namba, lina uzito wake, kama mfuko wa sukari ambao muuza duka amezoea kuupima. Nikafungua. Folio ya 13, kisha ya 15. Namba nilikuwa nimeziandika mwenyewe, kalamu nyekundu, kona ya juu kulia. Nikapanda ngazi hadi kwake. "Mzee, naomba folio ya 14." Akanitazama kama mtu aliyeombwa shati alilovaa. "Kijana, barua ile niliiandika mimi. Ni yangu."

Ilipatikana baada ya siku tisa, kwenye droo ya gari lake, ikiwa na duara la kikombe cha chai. Barua ya onyo nilipewa mimi.

Kwa hiyo niliposikia rais aliyeondoka madarakani akisisitiza kwamba sheria inampa haki ya kukaa na karatasi zile, sikushangaa hata kidogo. Nimelisikia neno hilo kwa masikio yangu. "Yangu" ni neno la kila mkubwa anayesahau kwamba barua aliiandika akiwa kwenye kiti, kwa wino wa kiti, kwa ajili ya kiti.

Na zamani angekuwa na hoja. Marais wenu wa kwanza waliondoka na karatasi zao kama fundi anavyoondoka na nyundo zake. George Washington alizisafirisha za kwake hadi nyumbani kwake Mount Vernon. Aliyeharibu mambo ni Rais Nixon. Alipojiuzulu mwaka 1974 alitaka kuondoka na kanda zake za sauti, na mkataba wake na serikali ungemruhusu kuja kuziharibu. Bunge lenu likazizuia kwa sheria mwaka huo huo, kisha mwaka 1978 likatunga Sheria ya Kumbukumbu za Rais, iliyoanza kutumika Reagan alipoapishwa tarehe 20 Januari 1981. Tangu hapo, saa sita mchana ya siku ya kuapishwa rais mpya, karatasi za kazi za rais anayeondoka zinakuwa mikononi mwako wewe. Sheria haikusema mikononi mwa FBI wala Wizara ya Sheria. Ilikutaja wewe, mtunza masijala wa taifa. Shajara na barua za familia aende nazo. Barua ya Kim Jong Un, kiongozi wa Korea Kaskazini, si barua ya familia.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: ofisi yako ilifanya kazi yake. Mei 2021, miezi minne tu baada ya Trump kuondoka, wanasheria wenu waliwaandikia watu wake kwamba kuna vitu havionekani, zikiwemo barua za huyo Kim na ile ambayo Obama alimwachia mezani. Mlibembeleza karibu mwaka mzima. Januari 2022 mkapokea maboksi 15. Mlikuta humo, kwa mujibu wa hati ya mashtaka, nyaraka 197 zenye alama za siri, 30 kati yake zikiwa siri kuu. Mlikuta pia kumbukumbu zilizokuwa zimechanwa vipande, nyingine zikiwa zimeungwa kwa utepe. Kwenye meza ya masijala, kuunga karatasi iliyochanwa na bosi wako ni kazi inayofundisha mengi kuhusu bosi.

Juni 2022, baada ya wito wa mahakama, wakili wake alikabidhi nyaraka 38 ndani ya bahasha iliyofungwa kwa utepe, pamoja na tamko kwamba wametafuta kwa bidii na hakuna kilichobaki. Agosti FBI wakaingia na hati ya upekuzi wakakuta 102. Nimejumlisha mwenyewe: 197, 38 na 102 ni 337. Zaidi ya hizo, karatasi na picha za serikali zisizo na mihuri ya siri zilizobebwa Agosti zilizidi 10,000.

Hati hiyo hiyo ya mashtaka ina hesabu nyingine inayomkera karani. Inadai kwamba, kati ya Mei 23 na Juni 2, 2022, msaidizi wake alitoa stoo maboksi yapata 64 na kurudisha yapata 30 tu, kabla wakili hajaingia humo kutafuta. Trump na msaidizi wake walikana mashtaka yote, na hakuna shahidi aliyesimama mbele ya mahakama kuyathibitisha. Kwa hiyo nayaita madai. Lakini 64 toa 30 ni 34, na masijala yoyote ingetaka maelezo ya hayo 34 kabla ya saa ya chai.

Kesi ilivyokwisha unajua. Tarehe 15 Julai 2024 Jaji Aileen Cannon aliitupilia mbali, akisema uteuzi wa mwendesha mashtaka maalumu Jack Smith ulikiuka Katiba. Rufaa ikakatwa, Novemba Trump akashinda uchaguzi, tarehe 25 mwezi huo Smith akamwondoa kwenye rufaa, na Januari 2025 Wizara ya Sheria ikawaachia pia wasaidizi wake wawili. Hayo ni ya mahakama, siyo ya kwangu. Hoja ya upande wa Trump kwamba zote alikuwa amekwisha kuzifuta usiri siirudii pia. Majaji watatu wa rufaa, wawili kati yao wakiwa wa uteuzi wake mwenyewe, waliandika Septemba 2022 kwamba hawakuona ushahidi wa hilo.

Wapo watakaoniuliza mbona simsemi Biden. Namsema. Novemba 2022 nyaraka za siri zilikutwa katika ofisi aliyoitumia Washington, na mwezi uliofuata nyingine kwenye gereji yake Wilmington, chumba kimoja na gari lake la Corvette. Akajitetea kwamba gereji ina kufuli. Mheshimiwa, hata banda la kuku lina kufuli. Robert Hur, aliyepewa kazi ya kumchunguza, aliandika Februari 2024 kwamba ushahidi ulionyesha alizihifadhi kwa makusudi, ingawa haukutosha kumshtaki. Naye Mike Pence, aliyekuwa makamu wa Trump, alikutwa na kama dazeni moja nyumbani kwake Indiana. Tofauti yao na Trump ni kwamba wao walitoa taarifa wenyewe na wakafungua milango. Ni tofauti kubwa, na kesi ilisimama juu yake. Lakini ukiwa upande wa kabati, swali halibadiliki: siku karatasi hizo zilipotoka, nani alisaini kuzitoa? Na miaka ilipopita bila kurudi, hakuna kadi iliyopiga kelele?

Ofisi yako imewahi kuibiwa ikiwa macho. Mwaka 2003 Sandy Berger, aliyekuwa mshauri wa usalama wa Rais Clinton, aliingia kusoma nyaraka kwenye jengo lenu lenyewe akatoka nazo, nyingine akazikata kwa mkasi. Alikiri mwaka 2005, akapigwa faini ya dola 50,000. Jenerali Petraeus, aliyempa mwandishi wa maisha yake madaftari yenye siri za vita, alipata kifungo cha nje cha miaka miwili na faini ya dola 100,000. Reality Winner, mkalimani kijana asiye na cheo, alivujisha waraka mmoja kwa waandishi wa habari. Mmoja. Mwaka 2018 alihukumiwa miezi 63 jela. Najua kuvujisha na kuficha si kosa moja. Nakumbuka tu ile barua yangu ya onyo.

Sasa nifike kwenye ombi. Februari 2025 mambo mawili yalitokea. Mwanzoni mwa mwezi, Rais alimfukuza kazi aliyekuwa kwenye kiti chako, Colleen Shogan, ambaye hata hakuwa Mkuu wakati ofisi ilipolifikisha suala hili Wizara ya Sheria. Wakati huo kiti kilikuwa cha David Ferriero. Mwisho wa mwezi, maboksi yaliyochukuliwa na FBI yakapakiwa kwenye ndege ya rais kurudishwa Florida, na mwenyewe akatangaza kwamba siku moja yatakuwa sehemu ya maktaba yake.

Najua unakalia kuti kavu. Sikuombi ushindane na aliyekuteua. Sikuombi hata useme nani alikosea. Naomba hesabu tu, kama ambayo ningedaiwa mimi Ijumaa jioni kabla ya kufunga kabati.

Kabla maboksi yale hayajapanda ndege, je, kuna mtu wa ofisi yako aliyeyafungua na kutenga nguo na magazeti, ambavyo ni mali ya mtu, na kumbukumbu za urais, ambazo kisheria zilikuwa zako tangu saa sita mchana ya tarehe 20 Januari 2021? Alisaini wapi? Kuita mahali "maktaba" hakuhamishi umiliki; karatasi za Reagan ziko kwenye maktaba yenye jina la Reagan, na anayezitunza ni wewe.

Na yale majalada 48. Huenda maelezo ni mepesi. Huenda karatasi zilitolewa, zikarudishwa Ikulu kwa utaratibu, na ganda likabaki. Hutokea, nimeona maganda mengi ya majalada yakitumiwa kujipepea siku za joto. Huenda karatasi zake ni baadhi ya zile 337, zilizolegea zikalala na magazeti, kama zile zilizokutwa zimemwagika sakafuni mwa stoo Desemba 2021. Lakini hayo hujulikana kwa kulinganisha, ganda kwa karatasi, na kazi ya kulinganisha inawezekana kumalizika bila kufichua neno hata moja la siri. Namba si siri.

Tangu Januari 2026 miaka mitano imetimia, na umma unaweza kuomba kumbukumbu za ule muhula wa kwanza. Watakuja wanafunzi, waandishi na wajukuu, wataomba folio ya 14. Ukurasa mmoja ungewatosha kwa sasa, nami ungenitosha: safu ya kilichotoka, safu ya kilichorudi, safu ya kisichoonekana. Kama safu ya tatu ina namba, iandikwe kwa kalamu nyekundu. Kama haina kitu, iandikwe sifuri, na aliyehesabu atie saini na tarehe.

Nakala: jalada.

Wako,
Karani mstaafu wa masijala ya siri