Kabla hujapanda boti

Mwanangu,

Naandika kwa simu ya mdogo wako, ya kwangu chaji haikai siku hizi, kwa hiyo ukiona meseji ndefu kama gazeti usishtuke ni mama. Jana ulipokata simu nilibaki na lile neno ulilolitupa mwishoni mwishoni, eti huko hotelini Paje, Zanzibar, unakoenda kuanza kazi ya masaji, wageni wengine hawaji spa, wanaitisha masaji huko huko kwenye villa zao. Ukasema "mama ni kawaida tu." Ulivyoharakisha kusema kawaida ndo nikajua na wewe imekukaa kichwani.

Sasa nauliza. Nani anakupeleka huko villa? Mnaenda wawili au unaenda peke yako na begi lako la mafuta saa mbili usiku? Kuna daftari mapokezi wanaandika umeingia saa ngapi unatakiwa utoke saa ngapi, na usipotoka nani anakuja kugonga? Wewe nakuamini mama, sina shaka na wewe, ni huyo aliyelala kitandani simjui na wewe humjui, na watu wengi wakisikia masaji akili inaruka kwingine, wageni na wa kwetu pia.

Najua chuoni mmefundishwa. Ulinionyesha mwenyewe mgeni anavyofunikwa taulo, unafunua mguu unaoukanda, ukimaliza unaufunika ndo unaenda wa pili. Nimelipenda sana hilo. Ila mtu akikuomba kitu kisichokuwemo kwenye kazi usibishane naye wala usicheke cheke kumpooza, mwambie huduma imeishia hapa, toka. Mafuta yaache, taulo ziache, hata viatu acha, utatembea peku mpaka mapokezi.

Baba yako tangu umkande siku ya Idd mgongo ndo hadithi yake kijiweni. Mi kilichonishika si kule kukanda, ni yale maswali. Hujamgusa hata kidole, umekaa na kaunta buku unamuuliza una presha, una sukari, umewahi kufanyiwa operesheni, kuna mafuta yanakuwasha, unameza dawa gani. Na yeye ambaye kwa daktari jibu lake ni "niko sawa" akakwambia mpaka vidonge anavyoviruka! Halafu ulipomaliza ukamshika bega asinyanyuke ghafla, akae kwanza pembeni ya kitanda kizunguzungu kisimpate. Nilikuwa mlangoni na sinia la chai nikasema huyu mtoto kasoma.

Na shangazi yako usijali kununa kwake. Mguu umevimba mmoja, una moto, wewe ukakataa kuugusa ukamwambia inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa, ukiuminya kipande kinaweza kung'oka kikaenda mapafuni, aende hospitali. Ulifanya sawa. Na huko Paje utawakuta hao, mtu kashuka kwenye ndege masaa kumi amekaa tu, anakuja anasema nikande vigimbi vinauma. Uliza kwanza. Bibi yako alikuwa hivo hivo, akiitwa kumkanda mzazi akikuta mguu mmoja umevimba una moto hauwekei mafuta, na darasani hakuingia hata siku moja. Mimi ulipozaliwa wewe ndo alinikanda siku zote arobaini, maji ya moto, mafuta ya nazi, kisha ananifunga mkaja. Alitaka kunifundisha ile kazi. Nikamwambia sitaki mikono yangu inuke mafuta. Akanyamaza, hakunirudia tena.

Jirani wa mlango wa pili, kipindi uko chuo, aliniuliza mwanao anasomea nini nikamjibu mambo ya hoteli. Wiki iliyopita nimemwambia ni masaji.

Ila na wewe una yako. Zile kucha ulizokuja nazo Idd zikatwe kabla ya boti, utamkwaruza mtu mgongo siku ya kwanza. Na kidole gumba ulisema kinauma, hata kazi hujaanza, unaanzaje kuumwa gumba? Mwenyewe ulimwambia mdogo wako kwamba unatakiwa uegemeze uzito wa mwili, utumie kiwiko na mkono wote, sio kusukuma na gumba kutwa nzima. Na kitanda wakipandishe au wakishushe kikufae wewe, ukisimama mikono imening'inia kikufikie kwenye vifundo vya ngumi, usione haya kuwaambia, mgongo ukishaharibika hawatakununulia mwingine.

Mkataba usome wote. Wageni wakipungua wakati wa masika, mwezi wa nne na wa tano, wanakulipa au wanakwambia nenda kwenu? Mshahara ni wa mwezi au ni kwa kila kichwa? Na huko mfuko wa hifadhi ya jamii ni ZSSF wa Zanzibar, sio NSSF wa huku bara, uliza wanakukatia na wanapeleka kweli. Na hizo za villa ziandikwe humo humo, ni mpaka saa ngapi na unaenda na nani. Wakisema hayo tutaongea ukifika, usisaini hapo hapo, nipigie.

Ule mkopo wa kikoba wa ada yako umebaki marejesho matatu, usitume chochote mwezi wa kwanza, nunua viatu vya kusimamia visivyoteleza, sakafu za spa zina mafuta. Bati la jikoni baba yako kaliziba, limeanza kuvuja pembeni yake. Mdogo wako kafaulu hesabu ila sare imembana, ntamalizana na fundi mwenyewe.

Kesho asubuhi nakupakilia mzigo kwenye basi, kaupokee stendi usimtume mtu. Kuna khanga mbili, kisamvu kikavu, na lita mbili za mafuta ya nazi nimekamua mwenyewe, kifuniko nimekizungushia nailoni lakini chupa isilazwe. Ya kwako hayo ya kujifanyia mazoezi, hotelini watumie ya kwao.

Na namba ya msimamizi wako wa spa hujanitumia. Nimeomba Jumapili, nimeomba jana. Nitumie leo.

Mama