Mizani Imegoma, Lakini Kichwa Kimeshabadilika

Kwenye gym yetu, wiki ya pili ndiyo inayotupotezea wateja. Mtu anapanda kwenye mizani, anakuta kilo zilezile, anakunja taulo lake, na hatumwoni tena. Siku hizi, kabla ya kuzungumzia kitambi, tunamuuliza: jana ulilala vipi? Na juzi ulipotoka hapa, ulikuwa na hali gani?

Tumbo huchukua wiki nyingi kupungua. Ubongo hausubiri: huanza kubadilika tangu zoezi la kwanza.

Pengine umesikia kwamba ile raha ya baada ya kukimbia ni endofini, kemikali ya mwili inayotuliza maumivu. Hata sisi makocha tulikuwa tukisema hivyo. Ni nusu ya habari. Endofini iliyomo kwenye damu haipenyi kirahisi ukuta unaoulinda ubongo. Mwaka 2008 watafiti nchini Ujerumani walipiga picha za ubongo wa wakimbiaji 10, wakaona dalili kwamba ubongo wenyewe humwaga kemikali za jamii hiyo, lakini hiyo ni baada ya kukimbia saa mbili. Saa mbili! Wateja wetu wengi hawafiki huko, wala hatuwalazimishi.

Kwa mazoezi ya kawaida, zinazotiliwa mkazo zaidi sasa ni endokanabinoidi, kemikali ambazo mwili hujitengenezea na ambazo zina udugu na zile za bangi (usiogope, hakuna atakayekukamata). Hizi ni za asili ya mafuta, kwa hiyo hupenya hadi ubongoni. Nazo hupanda vizuri ukienda kwa mwendo wa wastani, si ukijiua. Ndiyo maana siku ya kwanza hatukukimbizi mpaka utapike. Kipimo chetu ni rahisi: uweze kuongea, ushindwe kuimba.

Kumbukumbu nayo hufaidika, ila taratibu. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011, wazee waliotembea dakika 40, mara tatu kwa wiki, kwa mwaka mzima, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu iliongezeka kwa takriban asilimia 2. Wenzao waliojinyoosha tu, yao ilipungua. Kutembea tu, jamani.

Anayetumia dawa za sonona asiziache kwa sababu amesoma haya. Atuambie, na daktari wake ajue.

Kwa wiki sita za mwanzo, mteja mpya anapewa daftari dogo la kuandika usingizi na hali yake kabla na baada ya zoezi. Mizani tumeifungia stoo.