Jones ni ubini, si jina la ukoo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nisahihishe jambo lililonisumbua tangu nilipoisoma makala ya gazeti lako kuhusu asili ya majina ya Kizungu. Mwandishi alieleza kwamba Jones ni jina la ukoo mmoja mkubwa wa Kiingereza, na kwamba wote wanaolibeba wametokana na babu mmoja. Mimi ni mfasiri wa nyaraka, na vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa hupita mikononi mwangu kila wiki, kila kimoja kikiwa na kile kisanduku ambacho tumezoea kukiita "jina la ukoo". Kwa majina mengine tafsiri hiyo haina madhara makubwa. Kwa Jones inapotosha kabisa, kwa kuwa hapajapata kuwako ukoo wa Jones; hilo ni ubini, yaani jina la baba ambalo mtoto huitwa nalo baada ya jina lake. Walikuwako maelfu ya akina baba walioitwa John, wasiojuana wala kuwa na nasaba moja, na majina yao yakagandishwa kwenye madaftari.

Jina lenyewe msomaji wa Kiswahili analijua tangu utotoni, ila kwa sura nyingine: ni Yohana. Lilianzia katika Kiebrania, likiwa na maana kwamba Mungu ameonyesha neema, likapita katika Kiyunani na Kilatini mpaka likafika katika visiwa vya Uingereza. Waingereza wakalitamka John. Wawelisi, yaani watu wa Welisi (Wales), nchi iliyo magharibi mwa Uingereza, walikuwa nalo tayari kwa sura ya kale ya Ieuan, ambayo baadaye ilitamkwa pia Ifan. Kisha wakaazima la Waingereza na kulifanya Siôn. Na Biblia yao ya mwaka 1588, iliyotafsiriwa na William Morgan, ikamwita mwinjilisti Ioan. Herufi ya mwisho katika Jones ni ile "s" ya umilikaji katika Kiingereza, kwa hiyo ukilitafsiri jina zima utapata "wa Yohana", yaani mtoto wa Yohana, basi. Cha kushangaza ni kwamba jina hili linalohesabiwa kuwa la Kiwelisi kuliko mengine yote linaanza na herufi ambayo haimo katika alfabeti ya jadi ya Kiwelisi. Hilo peke yake linatuonyesha kwamba mkono ulioliandika kwanza haukuwa wa Mwelisi aliyeandika kwa lugha yake.

Wawelisi wenyewe walijitambulisha kwa namna ambayo sisi hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Mwana wa kiume alifuatisha neno "ap" baada ya jina lake, au "ab" ikiwa jina la baba lilianza kwa irabu, na binti alifuatisha "ferch". Ni bin na binti hasa. Rhys ap Siôn ap Hywel ni Rhys bin Siôn bin Hywel. Mnyororo huo haukuwa pambo. Kwa sheria ya jadi ya Welisi, ardhi iligawanywa kati ya ndugu, na mgawanyo ungeweza kurudiwa kati ya wajukuu na vitukuu, hivyo mtu asiyeweza kumtaja baba wa babu yake alikuwa hatarini kupoteza haki yake ya shamba. Na kwa kuwa jina lilibadilika kila kizazi, hapakuwa na haja ya mke kuchukua jina la mumewe. Aliyezaliwa binti wa Siôn alibaki binti wa Siôn mpaka kaburini.

Mabadiliko yaliletwa na sheria na karatasi. Sheria za Mfalme Henry wa Nane za mwaka 1536 na 1543 ziliiunganisha Welisi na Uingereza, zikafanya Kiingereza kuwa lugha ya mahakama na kufuta mgawanyo wa ardhi kati ya ndugu. Na kuanzia mwaka 1538 parokia ziliamriwa ziandike ubatizo, ndoa na maziko. Karani aliyezoea utaratibu wa Kiingereza hakuwa na nafasi ya kuandika mababu wanne, naye aliandika jina moja la baba, akaongeza "s", akafunga daftari. (Henry mwenyewe alitoka katika nasaba ya Kiwelisi iliyopata jina kwa njia hiyohiyo: Owain ap Maredudd ap Tudur alipohitaji jina la kudumu alishikwa na la babu yake. Kama angeshikwa na la baba yake, leo wanahistoria wangekuwa wakiandika habari za wafalme wa nyumba ya Maredudd.) Jambo hili halikutokea kwa siku moja. Wakubwa walitangulia, maskini wa milimani wakafuata polepole, na katika baadhi ya sehemu desturi ya kale iliendelea hadi karne ya 19.

Mfano unaonifurahisha kuliko yote uko katika familia moja ya kisiwa cha Anglesey, huko Welisi. Katika parokia ya Llanfihangel Tre'r Beirdd aliishi mtu aliyeitwa Siôn Siôr, yaani John George kwa Kiingereza. Mwanawe William, aliyezaliwa mwaka 1675, hakuitwa George. Aliitwa William Jones, kwa sababu alikuwa mtoto wa John, na kwake jina hilo lilisema ukweli mtupu. Huyu ndiye mwanahisabati ambaye mwaka 1706, katika kitabu chake, alitumia kwa mara ya kwanza alama π kwa maana ambayo kila mwanafunzi anaijua hadi leo. Alihamia London, akapata mwana mwaka 1746, akampa jina lake la William. Kwa desturi ya babu zake mtoto huyo angekuwa William ap William, na karani angemwandika Williams. Lakini London haikuwa Anglesey. Mtoto alibaki Jones ingawa baba yake hakuitwa John, na kutoka hapo jina likaacha kusema lolote kuhusu baba. Mtoto huyo ndiye Sir William Jones, jaji wa Calcutta nchini India, ambaye mwaka 1786 alitangaza kwamba Kisanskriti (lugha ya kale ya India), Kiyunani na Kilatini vina chimbuko moja. Babu Siôr, baba Jones kwa haki, mwana Jones kwa mazoea: vizazi vitatu tu, na ubini umekwisha kugeuka kuwa kibandiko.

Hata katika habari za Biblia tunakutana na jambo hilo. Mary Jones, msichana aliyetembea peku takriban kilomita 40 mwaka 1800 hadi mji wa Bala kununua Biblia ya Kiwelisi, na ambaye safari yake husimuliwa kila inapotajwa asili ya Chama cha Biblia kilichoanzishwa London mwaka 1804, alikuwa binti wa mfumaji aliyeitwa Jacob. Zamani angekuwa Mari ferch Jacob. Kufikia wakati wake jina la Jones lilikuwa limekwisha kushika familia hiyo.

Nikiri pia kwamba Jones si la Wawelisi peke yao. Katika Uingereza yenyewe kuongeza "s" kulikuwa desturi ya magharibi na kusini, ilhali kaskazini walipendelea "son", na ndiyo maana tuna Johnson. Kwa hiyo wapo akina Jones wasio na tone la damu ya Kiwelisi. Kinyume chake pia ni kweli: akina Evans ni watoto wa Ifan, na akina Bevan ni "ab Ifan" iliyomezwa, kama vile Powell ilivyotokana na "ap Hywel" na Price na "ap Rhys". Yaani Jones, Evans, Bevan na Johnson wote ni watoto wa Yohana, na hakuna anayedai kwamba hao wanne ni ukoo mmoja.

Lililofanya jina hili lienee hivi ni kwamba majina ya kubatizia yalikuwa yamebaki machache wakati wa kugandishwa: John, David, Thomas, William na mengine kiasi. Akina baba wengi walikuwa na jina moja, na watoto wao wote wakaingia katika mtungi mmoja. Ripoti ya msajili mkuu wa Uingereza na Welisi ya mwaka 1853 ilikadiria akina Jones kuwa 242,100, nyuma kidogo ya akina Smith waliokuwa 253,600, naye akaeleza kwamba John Jones likitangazwa sokoni katika mji wa Welisi halimtambulishi mtu yeyote. Watu wakajitafutia dawa: Jones wa Maziwa, Jones wa Posta, au Jones wa shamba fulani. Jeshini walitumia namba. Katika mapigano ya Rorke's Drift ya Januari 1879, wakati wa vita vya Waingereza na Wazulu, askari wawili walishika mlango wa chumba kimoja cha hospitali kwa bayoneti huku paa likiungua, wakawatoa wagonjwa sita kati ya saba. Mmoja alikuwa 593 Jones, mwingine 716 Jones. Wa kwanza, William, alizaliwa upande wa Uingereza; wa pili, Robert, alizaliwa Monmouthshire katika Welisi. Wote wawili walipewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu ya ushujaa ya Uingereza, na hawakuwa ndugu. Na tarehe 3 Novemba 2006 watu 1,224 wenye jina la Jones walikusanyika katika ukumbi mmoja mjini Cardiff, mji mkuu wa Welisi, na kuvunja rekodi ya dunia ya mkusanyiko wa watu wenye jina moja. Picha ya umati ule imetumiwa mara nyingi kana kwamba ni mkutano wa ukoo. Haukuwa hivyo, walikuwa wageni kwa wageni.

Siku hizi wapo Wawelisi wanaoliacha jina hili na kurudia ap na ferch, au kubaki na majina mawili ya kuzaliwa. Mwimbaji na mwanasiasa Dafydd Iwan alizaliwa Dafydd Iwan Jones, ndugu yake mwigizaji akajulikana kwa jina la Huw Ceredig, na ndugu yao Alun Ffred, aliyekuwa waziri katika serikali ya Welisi, akaendelea kuwa Jones. Tumbo moja, na anayetafuta "jina la ukoo" atadhani ni watu wa nyumba tatu. Tena Iwan nalo ni sura nyingine ya Yohana, kwa hiyo aliyeliacha Jones bado amelibeba.

Kwa sababu hizi naomba makala ile isahihishwe, na nawaomba wafasiri na waandishi wenzangu tulirudie neno ambalo lugha yetu inalo tayari na kamusi zetu zinalitambua: ubini. Ubini wa mtu ni Jones. Ukoo wake, ikiwa anao na anaujua, uulizwe kwa swali lake lenyewe na uandikwe katika kisanduku kingine.

Wako katika kazi ya lugha,
Mfasiri wa nyaraka